Kompyuta Haijafa, Imepotewa na Mkalimani

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kutoa msaada wa kawaida kwa mfumo endeshi uitwao Windows 10, ambao ulikuwa umetumika majumbani na maofisini tangu Julai 2015. Jambo hilo limewafanya watu wengi wapandishe kompyuta zao hadi toleo la Windows 11. Kazi yenyewe huchukua saa moja au zaidi. Mashine hujizima na kujiwasha mara kadhaa, na mwishowe kioo hung'aa kwa sura mpya ya kupendeza. Kisha mwenye mashine hutaka kusoma barua zake, akakuta hakuna mtandao. Jana ulikuwapo, leo haupo, na alama ya waifai iliyozoeleka pembeni mwa kioo imegeuka kuwa picha ya dunia iliyofungiwa.

Jambo hili si dogo kama linavyodhaniwa. Chukua mfano wa nyumba ya mfanyakazi wa kawaida wa mjini, yenye kompyuta mpakato moja inayotumiwa na watu wote. Kijana aliyemaliza kidato cha sita anajaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ambayo hupokelewa kwa intaneti na yana siku yake ya mwisho. Mama anatunza humo hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, na wanakikundi wanazisubiri. Baba anadaiwa ritani ya kodi. Katika hali hiyo ni rahisi sana mtu kuitia kompyuta begini na kukimbia kwa fundi, na fundi, kabla hata hajaifungua vizuri, akatamka maneno mawili tunayoyajua sote: "Tupige windo."

Ningependa leo tuyatazame maneno hayo mawili kwa makini, kwa kuwa yamewagharimu watu wengi zaidi ya fedha walizolipa.

Kupiga windo maana yake ni kuufuta mfumo wote na kuweka mwingine mahali pake. Katika kompyuta nyingi za majumbani, picha za harusi, hesabu za kikundi na tasnifu za wanafunzi hukaa katika sehemu ile ile ya diski ambayo hufutwa wakati wa kazi hiyo. Fundi mwangalifu huuliza kwanza, akahamisha mafaili, ndipo akaanza. Asiye mwangalifu haulizi. Na juu ya hasara hiyo kuna kichekesho chenye uchungu: baada ya kufuta kila kitu, fundi huweka tena Windows 11 ile ile, na waifai inaweza isionekane vile vile, kwa sababu kilichokosekana tangu mwanzo hakikuwa Windows.

Basi kilichokosekana ni nini? Ndani ya kompyuta mpakato kuna kadi ndogo, kiasi cha stempu ya posta, ambayo kazi yake ni kutuma na kupokea mawimbi ya redio. Kadi hizo hutengenezwa na makampuni kama Intel, Realtek, Qualcomm na MediaTek, na kila kampuni huitengeneza yake kwa namna yake. Mfumo endeshi hauwezi kujua namna zote hizo. Kwa hiyo katikati yao huwekwa programu ndogo, ambayo vitabu huiita kiendeshi na mafundi huiita draiva. Mimi huifananisha na mkalimani. Windows ikiagiza kwamba mitandao iliyo karibu itafutwe, mkalimani huigeuza amri hiyo iwe lugha ya kadi. Kadi ikijibu, mkalimani hulirudisha jibu.

Sasa, unapopandisha toleo unambadilisha mmoja wa wazungumzaji. Mkalimani wa zamani huenda asizifahamu amri mpya, au akawa ameachwa nje ya mlango, au nafasi yake amepewa mkalimani wa jumla ajuaye maneno machache tu. Kadi ni nzima, kile kisanduku cha mtandao chenye taa ambacho mafundi hukiita rauta ni kizima, lakini hawasemezani tena. Katika hali kama hiyo kufuta diski yote ni sawa na kuibomoa nyumba kwa kuwa mgeni na mwenyeji hawaelewani lugha.

Wala tusidhani kwamba masaibu haya huwapata wasiojua kompyuta peke yao. Mwaka 2014 kampuni ya Apple ilitoa toleo la OS X Yosemite kwa kompyuta zake za Mac, na ndani yake ikabadilisha sehemu inayohusika na kutambua mashine na majina ya mitandao. Watumiaji walilalamika miezi mingi kwamba waifai yao inakatika ovyo, mpaka mwaka 2015 Apple ilipoirudisha sehemu ya zamani katika toleo la 10.10.4. Mwaka huo huo wa 2015, Windows 10 ilipotoka, baadhi ya waliopandisha toleo walikuta kompyuta yao haioni mtandao hata mmoja. Sababu ilikuwa masalio ya programu za zamani za VPN, yaani zile za kuingilia mitandao ya ofisi kwa njia ya faragha, na dawa ikawa kuyaondoa masalio hayo. Na Desemba 2023 sasisho moja la Windows 11 liliziathiri baadhi ya kadi za waifai zisiweze kuingia katika mitandao ya vyuo na maofisi, ilhali za majumbani nyingi hazikuguswa. Microsoft yenyewe ilikiri na kulirekebisha. Mwenye kompyuta aliyepiga windo siku zile alijitesa bure.

Tuje kwenye matendo. Kabla ya kuigusa kompyuta, shika simu yako. Ikiwa simu inaingia katika waifai ile ile ya nyumbani na kurasa zinafunguka, basi rauta haina kosa na ugonjwa uko kwenye kompyuta. Ikiwa simu nayo haipati kitu, iache kompyuta ipumzike. Zima rauta, ngoja kama dakika moja, uiwashe. Na kwa wale ambao waifai yao ni simu yenyewe, yaani wanaorusha mtandao kutoka kwenye simu, tazama kwanza salio la kifurushi. Kupandisha toleo la Windows hunywa gigabaiti kadhaa, na si mara moja mtu amehangaika usiku kucha na kompyuta kumbe toleo jipya limekimaliza kifurushi chote lilipokuwa likijipakua. Ukiupata tena mtandao, fungua mipangilio ya waifai hiyo uwashe kipengele kiitwacho "Metered connection". Windows itaelewa kwamba data hiyo inauzwa kwa kipimo, nayo itapunguza upakuaji wa siri.

Jambo la pili huonekana la kipuuzi, lakini lina siri ndani yake. Ianzishe upya kompyuta kwa kuchagua "Restart". Usichague "Shut down". Wengi wetu tunadhani kuizima na kuiwasha ni kitu kile kile. Sivyo. Tangu Windows 8, kompyuta nyingi zikizimwa huihifadhi kwenye diski sehemu ya ndani ya mfumo jinsi ilivyokuwa, ili asubuhi ziwake upesi. Pamoja na sehemu hiyo huhifadhiwa na hitilafu iliyokuwamo, ikalala nayo, ikaamka nayo. "Restart" huisafisha kumbukumbu hiyo na kuanza upya kabisa. Desemba 2016, watu wengi wa Uingereza na nchi nyingine za Ulaya walipokosa intaneti katika kompyuta zao za Windows 10, ushauri wa kwanza wa Microsoft ulikuwa huo huo: anzisha upya, usizime.

Ikiwa hilo halikusaidia, hapana budi tuisome mashine inasema nini. Kwa kuwa nyingi huzungumza Kiingereza, nitayataja maneno kama yanavyoonekana kwenye kioo. Weka mshale wa kipanya juu ya alama ya "Start", bofya kitufe cha kulia, kisha uchague "Device Manager". Utaona orodha ndefu ya viungo vya kompyuta. Tafuta mstari wa "Network adapters" uufungue. Hapo ndipo penye habari yote, na ninakuomba usome polepole, maana kila sura utakayoiona ina maana yake.

Ukiona kifaa ambacho jina lake lina neno "Wireless", "Wi-Fi" au tarakimu 802.11, nacho kina pembetatu ndogo ya njano, mkalimani yupo lakini amechanganyikiwa. Bofya mara mbili, ingia "Driver", uone kama kitufe cha "Roll Back Driver" kinabonyezeka. Kikibonyezeka, kitamrudisha mkalimani wa zamani, na mara nyingi shughuli huishia hapo. Kisipobonyezeka, unaweza kukiondoa kifaa kwa "Uninstall device" kisha ukaianzisha upya kompyuta; Windows itakitambua tena na kumweka mkalimani upya. Ila kuwa mwangalifu: kitatokea kisanduku kinachouliza kama ufute na kiendeshi chenyewe. Usikitie alama, isipokuwa kama tayari unacho kiendeshi kingine mkononi. La sivyo utakuwa umemfukuza mkalimani pekee aliyebaki.

Ukikuta chini ya "Network adapters" hakuna kifaa cha waifai kabisa, lakini mahali paitwapo "Other devices" pana mstari wa "Network Controller" wenye alama ya njano, furahi. Nasema hivyo bila mzaha. Maana yake kompyuta inaiona kadi, inajua kwamba ni kitu cha mtandao, ila haina mtu wa kuitafsiria.

Na ikiwa hakuna dalili yoyote ya kadi, popote pale, hapo ndipo fundi mwenye bisibisi anapostahili kuitwa. Huenda kadi imezimwa katika mipangilio ya awali ya mashine, huenda imelegea mahali pake, au imekufa kweli. Hata hivyo, kabla ya kumwita, hakikisha hujazima waifai kwa kitufe cha pembeni au kwa kuwasha "Airplane mode". Limewapata wengi, wakiwamo wataalamu.

Turudi kwa yule asiye na mkalimani. Tatizo lake linachekesha kidogo: kiendeshi kinapatikana kwenye intaneti, na intaneti ndiyo aliyoikosa. Watu wengi hukwama hapa na kukata tamaa, ilhali njia iko mfukoni mwao. Simu ya Android ikiunganishwa na kompyuta kwa waya ule ule wa kuchajia, kisha ukawasha "USB tethering" ndani ya mipangilio ya simu, kompyuta hupata intaneti kupitia waya bila kuihitaji kadi ya waifai hata kidogo. Hakikisha tu kwamba waya huo unapitisha data, maana zipo za bei rahisi zinazopitisha umeme peke yake. Mtandao ukipatikana, ingia "Windows Update", halafu "Advanced options", halafu "Optional updates". Aghalabu kiendeshi kinachokosekana kimejificha humo.

Kisipokuwamo, nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza kompyuta yako, iwe HP, Dell, Lenovo au nyingine, ukaandike namba ya mashine iliyobandikwa chini yake. Narudia: kampuni iliyoitengeneza. Intaneti imejaa programu zinazodai kukutafutia viendeshi vyote kwa mkupuo mmoja, na nyingine kati ya hizo huleta matangazo na virusi kuliko viendeshi. Ukiwa huna waya, pakua kwa simu au kwa kompyuta ya jirani, ukilete nyumbani kwa flashi.

Kuna sura nyingine ya ugonjwa ambayo haihusu mkalimani. Kompyuta inaonyesha kwamba imeunganishwa na waifai, lakini kurasa hazifunguki. Katika mipangilio ya mtandao huo tafuta mstari wa "IPv4 address". Ikiwa namba zake zinaanza na 169.254, fahamu kwamba kompyuta iliomba anwani kutoka kwa rauta, haikupewa, ikaamua kujipa yenyewe. Nayo anwani ya kujipa haitoki nje ya nyumba. Iambie kompyuta iusahau mtandao huo kwa "Forget", kisha uingie upya kwa kuandika neno la siri. Kama namba ni za kawaida na bado kurasa hazifunguki, tazama saa na tarehe ya kompyuta. Ikiwa mashine inaamini tuko mwaka mwingine, itazikataa hati za usalama za tovuti karibu zote, nawe utadhani mtandao ndio mbaya. Kompyuta kuukuu zenye betri ndogo ya ndani iliyochoka ndizo hasa hupatwa na hali hii.

Hayo yote yakishindwa, ipo dawa kali kidogo iitwayo "Network reset", iliyo mwisho kabisa wa "Advanced network settings". Huviondoa vifaa vyote vya mtandao na kuvirudisha, na husahau maneno yote ya siri ya waifai uliyowahi kuyaandika, kwa hiyo yanakili kwanza. Lakini haigusi picha wala nyaraka.

Baada ya hapo ndipo unaweza kufikiri kurudi ulikotoka. Windows 11 huuhifadhi mfumo wa zamani kwa siku 10 tangu kupandishwa toleo. Ndani ya siku hizo, ukiingia "System", halafu "Recovery", utakuta kitufe cha "Go back", nacho hukurudisha Windows 10 bila kuyafuta mafaili yako, ingawa programu ulizoziweka baada ya kupandisha zitaondoka. Siku ya kumi na moja kitufe hicho hakifanyi kazi. Ndiyo maana si vema kuiacha kompyuta kabatini majuma mawili ukisubiri mshahara ili umlipe fundi. Na anayerudi Windows 10 ajue kwamba anarudi katika nyumba isiyo na mlinzi. Kwa watumiaji wa kawaida Microsoft iliweka nyongeza ya masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, lakini kwa yule tu anayejiandikisha.

Niseme neno juu ya kompyuta zilizotumika, kwa sababu ndizo nyingi mikononi mwetu. Windows 11 inadai kiungo cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa zile za Intel inadai, kwa jumla, prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2017. Kizazi hujulikana kwa namba inayofuata kistari: i5-8250U ni ya nane, i5-5300U ni ya tano. Wapo mafundi wanaojua kuilazimisha Windows 11 iingie katika mashine za kizazi cha tano au cha nne. Huingia kweli, na hata hutembea. Lakini kampuni iliyoitengeneza mashine hiyo haikuwahi kuiandalia mkalimani wa Windows 11, na Microsoft haikuahidi kwamba itaendelea kuipelekea masasisho. Ikiwa kompyuta yako ni ya namna hiyo na waifai imetoweka, jaribu kiendeshi cha Windows 10 kutoka kwa mtengenezaji. Mara nyingi hukubali. Kisipokubali, nunua kile kidude kidogo cha waifai kinachochomekwa kwenye tundu la USB, uhakikishe kimeandikwa kwamba kinafaa kwa Windows 11. Hilo ni nafuu kuliko kununua kompyuta nyingine.

Hatimaye, kama safari ya kwa fundi haiepukiki, nakili mafaili yako kwenye flashi au diski ya nje kabla hujatoka nyumbani. Kukosa waifai hakukuzuii kunakili. Mweleze kwa maneno yako ulichokiona katika "Device Manager", na umwambie wazi kwamba hujaruhusu diski ifutwe. Mafundi wengi ni waungwana, nao hufurahi kupata mteja aliyekwisha kuipunguza kazi.

Muulize pia, au ujiulize mwenyewe, akaunti ya Microsoft iliyo ndani ya kompyuta yako ni ya nani. Kompyuta nyingi zenye Windows 11 huifunga diski kwa ufunguo wa siri, na baada ya matengenezo fulani huweza kuwaka na kudai ufunguo huo, wenye tarakimu 48, kabla ya kukuonyesha chochote. Kwa kawaida ufunguo hutunzwa katika akaunti iliyofunguliwa siku mashine ilipowekwa Windows. Ikiwa siku ile fundi alitumia anwani yake ya barua pepe ili kuokoa muda, ufunguo wa picha na hesabu za nyumba yako uko kwake, popote alipo sasa. Jambo hilo hukaguliwa kwa dakika mbili, chini ya "Accounts", na lifanywe leo mashine ikiwa bado inawaka.